Kwa Maimuna, Anayekwenda Kutunza Vinyama vya Wazuni

Kibokoni, baada ya Alasiri

Mwanangu Maimuna,

Sitakwambia uvae soksi. Mamako mdogo Zeinab amekwisha kukwambia habari ya soksi, ya dawa ya kifua, ya kutokula nyama usiyojua imechinjwaje, na sasa amekuchukua mzunguke nyumba za Kuze kuaga, ambako utaambiwa hayo hayo tena na kila mwenye mdomo. Mimi nimejifanya kichwa kinaniuma ili nibaki. Hakiniumi. Nina hasira, na nikiwa na hasira naandika vizuri kuliko ninavyosema, kwa sababu nikisema hulia, na ami yako akiniona nalia hudhani ameshinda.

Basi sikiliza. Unakwenda. Jana ulipokuwa ukiosha sahani ulisema, "Mama, labda nisubiri mwaka mwingine," ukasema kwa sauti ndogo huku umenipa mgongo, nami sikukujibu. Jibu langu ni barua hii.

Najua kilichokutia hofu. Kosa lenyewe ulilifanya wewe, na nakucheka ingawa si wakati wa kucheka. Mtu hamwambii Ami Swaleh jambo la kweli akiwa na tonge mkononi. Alikuuliza kwa wema tu, "Haya mwanangu, huko New Mexico wenda kufanya kazi gani hasa?" Ungemjibu "kazi ya makumbusho," angeridhika, angeomba pilipili. Wewe ukaanza kumfundisha. Ukamweleza kwamba katika makumbusho hayo kuna vinyama vidogo vya mawe vilivyochongwa na watu waitwao Wazuni, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya Wazungu kufika. Ukamweleza kwamba kila mnyama ana upande wake wa dunia anaoulinda, na kwamba vile vya zamani wenyewe huviweka ndani ya mtungi na huvilisha unga wa mahindi. Ulipofika kwenye unga wa mahindi nikaona mkono wa ami umesimama hewani.

"Huvilisha?"

"Ndiyo, ami."

"Mawe?"

"Ndiyo, ami."

"Na wewe ndiwe utakayeyalisha?"

Ukasema, "Wakiniruhusu."

Wallahi, Maimuna. Wakiniruhusu! Nilitaka kukufunika kwa kawa. Kabla ya Isha, baraza zote kuanzia kwetu mpaka bandari ya zamani zilikuwa na habari kwamba binti wa marehemu Athman yuwaenda Amerika kulisha mawe. Na baada ya Isha ami akarudi, akasema yale uliyoyasikia ukiwa nyuma ya pazia: kwamba yeye ndiye aliyesimama mahali pa babako, kwamba ukienda unakwenda bila radhi yake, na kwamba nyumba hii, ambayo ni yake na ya babako kwa urithi, usije ukaibishia hodi tena.

Hilo ndilo lililokufanya useme usubiri. Si baridi ya huko, si Kiingereza chao. Unaogopa kwenda ukose pa kurudi.

Ami yako si mtu mbaya, na sitaki uondoke ukidhani hivyo. Babako alipofariki ndiye aliyekubeba mabegani mpaka kule baharini kula mihogo ya kuchoma, jioni baada ya jioni, kwa sababu ulikuwa ukikataa kulala. Lakini tangu ahamie Kizingo amekuwa mtu wa amri. Anakuja kwetu kwa gari, gari haliwezi kuingia vichochoroni mwetu, analiacha karibu na Ngome ya Yesu anatembea, na nadhani kule kutembea ndiko kunakomtia hasira, maana hufika amekwisha kukasirika. Na pale kwenye geti la nyumba yake ya Kizingo wamekaa simba wawili wa saruji, midomo wazi, wamepakwa rangi ya dhahabu. Jana nilimwuliza.

"Na wale simba wako, shemegi, hula nini?"

"Wale niliwakuta," akasema. "Mwenye nyumba wa kwanza ndiye aliyewaweka."

"Na rangi mpya je? Hiyo nayo uliikuta?"

Akatafuta viatu vyake. Mtu akitafuta viatu hivyo ujue hajashindwa, amejeruhiwa tu, na aliyejeruhiwa ndiye wa kuogopwa. Hapo nilikosea, nami ninajua. Nilimchekesha Zeinab na nikakuongezea wewe mzigo.

Habari ya sanamu mimi sikuanza kuijua leo. Nimeuza vinyago kwa umri wako wote karibu. Kila mtu wa mji huu mwenye ndevu amenieleza siku ya Kiama nitaulizwa nini, na wengine wamenieleza huku wameegemea meza yangu wakisubiri chai. Nimekwenda kwa masheikh. Mmoja akakataza, mmoja akasema mengi ambayo nilipofika nyumbani sikujua kama amekataza au ameruhusu. Hakuna kinyago hata kimoja kilichowahi kupanda ngazi za nyumba hii, na sijawahi kusali kimoja kikiwa mbele yangu. Mengine ni baina yangu na Mola wangu, na Yeye hajamtuma Swaleh.

Duka lilikuwa la babako. Nilikuwa bado ndani ya eda ami alipokuja na mpango wake, ati duka la vinyago lifungwe ligeuzwe la vifuniko vya simu, na mimi nikae nyumbani niletewe. Niletewe nini, hakusema. Nilitoka eda Jumatatu, na Jumanne nikafungua duka. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mama wa Kizungu mwenye kofia, akamshika kobe wa mpingo, akaniuliza, "Huyu ana maana gani kwenu?"

Nilijua bei yake, na nilijua mti wake. Maana sikuwa nayo. Sikuwahi kumwuliza babako alikuwa akiwajibu nini, na sasa hayupo wa kumwuliza, na yule mama ameshika kobe ananisubiri kwa macho ya upole. Basi kwa Kiingereza changu cha shule nikasema: kwetu Waswahili, bibi harusi hupewa kobe siku ya kupamba, ili mumewe asitoke mbali na nyumba.

Umewahi kuona bibi harusi wa Kibokoni na kobe? Angemtupa dirishani, na somo wake anayemfunda angetupwa nyuma ya kobe.

Lakini alinunua, akanishika mkono akasema "asante" ya Kiswahili, na mimi nikaonja utamu. Kesho yake twiga akawa na maana, keshokutwa tembo. Kifaru nikamfanya dawa ya watoto waoga. Wale wanaoongoza wageni ngomeni wakayasikia, wakayachukua, wakayatia chumvi yao. Siku moja nilisimama pale langoni nikamsikia mmoja anawaeleza wageni habari ya kobe wa bibi harusi, ati ni mila tangu zama za Mreno, akanigeukia mimi: "Si ndiyo, mama?" Nami nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama bibi wa mjini anayejua mengi. Nilijivuna, Maimuna. Nilirudi dukani nikajinunulia kaimati.

Aliyenilaumu ni Mutua peke yake, yule Mkamba anayetuchongea kule Changamwe, naye hakunilaumu kwa uongo. Wageni wa fungate walikuwa hawataki tena kitu kingine. "Mama Maimuna," akaniambia, "nimechoka na kobe. Nimechonga kobe mpaka mke wangu ananiita kobe. Kwani hao simba wangu wana kosa gani?" Nikamwambia simba hana maana nzuri bado, nitamtafutia.

Haya unayajua. Nayasema kwa sababu yanayofuata unayajua kwa upande wako tu, na wangu sijawahi kukupa.

Yule mgeni mwenye dubu alipokuja, wewe ulikuwa chuo Nairobi. Alikuwa amefikia hoteli moja ya ufukweni, mtu mwenye tabasamu na mfuko, anauzia maduka ya viwanja vya ndege katika nchi nyingi. Akatoa mfukoni dubu wa jiwe la feruzi anayeenea kiganjani. Mgongoni amefungiwa kijiwe chenye ncha, mfano wa mshale, kwa uzi na ushanga mdogo, na ubavuni mna mstari mwekundu unaotoka mdomoni ukaingia mpaka kifuani. Nilimpenda yule dubu mara ile ile. Nilimgeuza, nikamgeuza, sikutaka kumrudisha. Akasema anataka wengi wa namna hiyo, wa mawe ya Kisii yaliyotiwa rangi, yeye pamoja na wenzake watano, na kwamba mimi nisihangaike na maana, maana anayo yeye tayari imepigwa chapa.

Nikakubali. Nilikubali kwa furaha, na hata mchongaji wa Kisii nilimpigia simu nikicheka.

Vikaja vya mfano. Mchongaji yule hajapata kumwona dubu maisha yake. Alikuwa na picha ya simu tu. Akachonga kwa mkono unaojua wanyama wa kwetu, na mkono ukafuata unachokijua: dubu akatoka mabega juu, makalio chini, fisi kamili. Simba wa milimani, ambaye kwao hana manyoya shingoni, akatoka na manyoya tele. Fuko alikuwa laini hata ungedhani kiazi. Nyegere peke yake ndiye aliyetoka barabara, kwa sababu nyegere tunaye.

Ndipo wewe ukaja likizo. Ulivipanga juu ya meza, ukacheka kwa yule fisi, kisha ukakaa na simu yako mpaka chai yako ikapoa. Ukainua uso ukasema maneno ambayo sijayasahau: "Mama, hawa wana wenyewe."

Ukanieleza. Wapo watu, wako hai leo, wana mji wao kule magharibi ya New Mexico, na kazi hii ni yao, baba kwa mwana, mama kwa binti. Kila mchongaji ana mkono wake, na wanunuzi wanaojua huutambua kama sisi tunavyotambua hina ya fundi fulani. Vinyago vya namna hii, vya bei rahisi visivyo vyao, ndivyo vinavyowanyang'anya riziki. Nikakujibu vibaya. Nikasema na ada ya chuo chako ina mwenyewe pia. Ukaniuliza ningesemaje kama mtu wa mbali angeuza mambo yetu na kuyapa maana anayotaka. Nikasema, "Auze! Kuna anayetuuliza?" Tukanuniana siku nyingi, tukawa tunasemezana kupitia kwa Zeinab, chumvi iko wapi, mwambie mamako, mwambie bintiyo.

Wewe unadhani uliniongoza. Hapana, mwanangu. Nilikuwa nimekukasirikia na nilikuwa nimeazimia kufanya biashara ile. Kilichonigeuza ni mgeni mwenyewe aliporudi. Aliumimina mfuko wake mezani anionyeshe bidhaa zake nyingine, na katikati ya hizo akatoka kobe wa plastiki, na shingoni kobe ana kikaratasi. Nikasoma. "Kobe wa Bibi Harusi wa Kiswahili." Kwa karne nyingi, kilisema, kina mama wa Mombasa wamewapa binti zao kobe huyu.

Ulikuwa nyuma yangu unakunja kanga. Nilijua umekisoma, kwa sababu mikono yako ilisimama.

Nikamwambia yule bwana, "Huu ni uongo. Mimi ndiye niliyeutunga, hapa hapa, nimekaa kwenye kigoda hiki."

Akacheka. Akasema, "Haidhuru, mama. Watu wanaupenda."

Haidhuru yake ndiyo iliyoniuma. Uongo wangu ulikuwa uongo wa mjane aliyekosa la kusema mbele ya mteja. Yeye aliuchukua akauvalisha karne nyingi na mama wasiohesabika, akiwemo mamangu, ukiwemo wewe, na alipoambiwa ni uongo hakutikisika. Nikaona alivyo kwa dubu wa watu wale pia. Lile alilopiga chapa juu ya dubu lingekuwa uongo au kweli, kwake sawasawa.

Nilimtia dubu wake kiganjani nikamfunga vidole. Nikamwambia aende akanunue kwa waliomchonga, na kama wanauza ghali, basi ndiyo bei yake. Akasema atapata duka jingine. Nikamwambia akatafute. Alilipata, bila shaka, na vile vinyago vinauzwa mahali fulani leo, sijidanganyi. Lakini havikutoka kwangu mimi, Mwanahalima. Wale dubu wa mfano nikawauza kwa jina la fisi, na walikuwa fisi wazuri sana.

Tangu siku ile maana siuzi. Mtu akiniuliza kobe ana maana gani namwambia, ni kobe, kachongwa na Mutua wa Changamwe, mti wake muhugu, na Mutua hapendi kuchonga kobe. Baadhi hucheka wakanunua. Wengi huenda duka la pili, ambako kobe bado anafungisha ndoa. Ami husema nimeanza kwa kuuza sanamu, sasa hata kuuza sanamu kumenishinda. Na yule anayeongoza wageni, nilipomwambia habari ya kobe ni ya uongo, hakuniamini. Alisema bibi yake ndiye aliyemhadithia.

Tangu uitwe kule nimekuwa nikijifunza hao wanyama wako ninapokunja nguo zako. Kaskazini ni simba wa milimani, rangi yake manjano. Magharibi dubu, buluu. Kusini nyegere wao, mwekundu. Mashariki mbwa-mwitu, mweupe. Juu tai, wa rangi zote. Chini fuko, mweusi. Mimi nampenda fuko. Katika duka langu hakuna hata mgeni mmoja aliyewahi kuniomba fuko, na wale wamempa ardhi yote ailinde. Ukanieleza pia kwamba mawe mengine yalikwisha kufanana na mnyama yenyewe kabla ya mtu kuyagusa, na mchongaji akasaidia kidogo tu. Hilo nalo nimelipenda.

Lakini lililonikaa zaidi ni ulilosema siku uliyopata habari ya kukubaliwa. Nilikuuliza, na ule unga wa mahindi, maana yake nini hasa? Ukasema wenyewe hueleza kidogo, na mengine hawaelezi watu wa nje, na hawadaiwi. Nikamkumbuka bibi yangu, aliye bibi wa babako na ami yako pia, kwa kuwa nimeolewa na binamu yangu. Kila Alhamisi jioni alifukiza ubani pembe zote za nyumba hii, na pembe moja ya juu alikuwa akisimama zaidi na kunong'ona. Nikimwuliza kuna nini pembe ile, alisema, "Nyamaza." Ndiyo maana yote niliyopewa. Na leo nikifukiza, pale nasimama. Ami yako amefukiziwa ubani katika nyumba hii hii utotoni mwake, hakuona shaka.

Kwa hiyo ukifika usiwe na haraka ya kujua. Kazi uliyoitiwa, kama nilivyoielewa, ni kukaa na wazee wao mbele ya makabati, wao waseme hiki kioneshwe, hiki kifunikwe, hiki kirudi kwetu. Wakikwambia "nyamaza," nyamaza kwa adabu uliyolelewa nayo. Wakikwambia kilishwe, wao ndio watakaolisha, nawe utashika mlango. Vya watu ni amana. Sisi amana hatuulizi mwenyewe anasali wapi.

Na kuna upande wa pili, huu ndio ninaokuwekea wewe. Utafika kule na wewe utakuwa kitu cha kuulizwa. Utaulizwa buibui lako lina maana gani, hina yako ina maana gani, kwa nini hunywi, kwa nini mamako alikuruhusu. Watauliza kwa macho ya upole kama ya yule mama wa kofia. Utaonja utamu wa kuwajibu vizuri. Usiwatungie kobe. Una haki ya kusema sijui, na una haki ya kusema sikwambii, na akikasirika, amekasirika. Mimi nilichelewa kulijua hilo na limenigharimu jina la mji wangu juu ya plastiki.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Zeinab hulizunguka. Nilipokuwa na umri kama wako nilipata nafasi chuo cha ualimu bara. Sanduku nilikuwa nimefunga. Asubuhi ya kuondoka bibi yangu, huyo huyo wa ubani, alijilaza kizingitini, miguu ndani kichwa nje, akasema moyo unamsimama, nikimruka nitakuwa nimemruka maiti. Wajomba zangu wamesimama njiani, majirani madirishani. Nikaweka sanduku chini nikachukua kipepeo nikampepea. Alipona kabla ya Adhuhuri. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, anakula halua, ananiombea dua njema. Nilimpenda, na nilimzika kwa machozi ya kweli. Lakini kila nilipomwona anakula halua ile nilikuwa nikimhesabia masomo niliyoyakosa. Sitaki unitazame hivyo mimi, wala ami yako. Bora akukasirikie leo kuliko wewe umchukie maisha.

Leo baada ya Adhuhuri amekuja dukani. Amekaa kwenye kigoda cha wateja, amefuta jasho, hakugombana. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Mwanahalima," akasema, "mimi nshasema, na maneno yangu siyarudishi nyuma. Kesho nikitoka msikitini alfajiri ntakuja kukaa pale barazani kwenu, mbele ya mlango. Mtoto akinipita, basi amenipita. Na asirudi."

"Baraza ni yako kama ilivyo yetu, shemegi," nikamwambia. "Ntakuletea kahawa."

"Sitaki kahawa. Nataka umzuie."

"Hilo sikuletei."

Akakunja leso yake ya jasho. Kisha akasema, na sauti yake si ile ya amri, "Kaka yangu angesemaje?" Sikumjibu, maana sijui, na nimekwisha kuacha kuwatungia watu maneno.

Basi hili ndilo ninalolijua na siwezi kulitunga. Radhi yake ni yake, akitaka aifungie Kizingo. Yangu ni ya mama aliyekuzaa, nayo nimekupa yote, ya kwenda na ya kurudi, na hakuna kinywa cha mtu kinachoweza kuipunguza. Ufunguo wa mlango huu ninao mimi. Siku utakayorudi nitakufungulia, hata kama wote wamesimama njiani kunitazama. Ukikuta nimekufa na kufuli limebadilishwa, livunje. Ni nyumba ya babako.

Kesho utashuka ngazi utamkuta amekaa. Mwamkie vizuri, umwite ami. Mbusu mkono, kwa sababu mkono ule ulikubeba. Akiushika wako asiuachie, subiri kidogo, kisha uutoe polepole, upite. Usimweleze tena Wazuni, wala amana, wala makumbusho. Mimi nitakuwa nyuma yako na sanduku kubwa, na lolote atakalosema atanambia mimi. Wewe usigeuke kusikiliza nitakavyomjibu.

Mamako,
Mwanahalima